Bakuli la Kulwa

Picha mmeiona wote: mchanga mweupe, maji ya bluu, viti viwili vya plastiki, na ndugu yangu Kulwa amekaa kwenye kimoja akicheka. Mkadhani nami nilikwenda huko kula raha. Tangu nirudi mmekuwa mkinitania kwamba akili nimeiacha ufukweni, kwa sababu mtu akiniita Doto nachelewa kuitika. Nimechoka kusimulia vipande vipande kijiweni. Naandika yote mara moja, kila mmoja asome mwenyewe.

Kwa asiyetujua, mimi na Kulwa ni mapacha wa kufanana mpaka kucha. Mwalimu alitukosea, padri alitukosea, hata mwanamke niliyeishi naye Mpanda alimkumbatia Kulwa stendi akidhani ni mimi. Mama peke yake hajawahi kutukosea. Tukikohoa nje ya nyumba alijua nani ana kifua. Mpaka darasa la sita tulikula bakuli moja, na bakuli hilo lilikuwa na sheria moja nyumbani kwetu: likishaoshwa linawekwa mdomo juu. Bakuli lililofudikizwa, alisema Mama, linaiambia nyumba kwamba chakula kimekwisha. Nimepigwa kwa kosa hilo kuliko kwa kosa lingine lolote.

Usanda hadi Kahama

Nilisafiri kwa sababu simu ya Kulwa ilinyamaza. Picha ile ilikuwa ya mwisho aliyotuma, na chini yake aliandika: Njoo, kiti chako hiki hapa. Baada ya hapo hakupatikana. Mvua zikaja zikaisha, mahindi yakavunwa, na mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwetu Usanda kupumzika baada ya kutangatanga kwangu kwa miaka ishirini. Mama macho yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Siku moja akaniita.

"Nenda kamlete," akaniambia. "Au uniletee neno lake. Kama amekufa nitakaa matanga, kama yuko hai nitamkemea. Katikati hapa siwezi kukaa, Doto."

Akanifungia michembe kwenye mfuko wa kitambaa, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwenyewe kwa kupapasa. Kulwa alikuwa mlafi wa michembe ya karanga tangu utoto. Mama akaufunga mfuko mafundo matatu. "Hii ni ya Kulwa," akasema. "Aile mwenyewe. Wewe ukila, nitajua."

Basi likaharibika Isaka. Tulikaa juani kwa saa nne, fundi amelala chini ya injini miguu nje, kondakta akituapia kila mara kwamba ni dakika kumi. Jirani yangu, mzee muuza kamba kutoka Tinde, alinusa mfuko wangu akauliza kama kuna kitu cha kutafuna. Nikamwambia ni mali ya mtu. Akanitazama kwa huruma, akanigawia karanga zake. Njaa ilikuwa inaniuma kweli, lakini yale mafundo matatu sikuyagusa. Nayataja haya ili mjue kwamba nilikuwa na nia njema.

Tulipita Buzwagi jua likiwa linashuka, yale malundo ya mawe ya mgodi yamekaa kimya kama vilima ambavyo hakuna aliyevipa jina. Nikalala Kahama.

Katoro

Kesho yake mchana nilikuwa Katoro, kwa sababu nyumbani tulichojua ni kwamba Kulwa alikuwa anachimba dhahabu upande huo. Bodaboda, spika za maduka, vumbi, watu wanatembea kama kila mmoja amesikia kuna dhahabu nyuma ya nyumba ya mwenzake. Niliingia kwa mama mmoja anayeuza chakula nyuma ya soko. Kabla sijasema neno akaniwekea ugali wa muhogo, samaki wadogo aina ya furu wa kukaanga, na pilipili kwenye kisahani cha pembeni. Mimi sili pilipili. Kulwa ndiye anayekula.

Nikamwambia sijaagiza. Akasema, "Lini uliwahi kuagiza hapa?" Halafu akaniangalia vizuri, tabasamu likamfifia polepole, akarudi nyuma ya masufuria yake. Nilipomaliza hakuja kuchukua sahani. Nikamwita mara mbili. Akajibu akiwa amenipa mgongo kwamba niiache hapohapo.

Nilicheka njiani. Ukizaliwa pacha unazoea.

Rwamgasa

Bahati alikuwa msimamizi wa duara alilofanya kazi Kulwa, yaani shimo lao la dhahabu. Nilimkuta amekaa na wenzake kwenye kivuli cha turubai wakinywa chai. Aliponiona aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono nisisogee.

"Cheka kidogo," akasema.

Nikadhani ni utani wa wachimbaji. Nikacheka. Akasikiliza kama fundi anayesikiliza injini, kisha akawageukia wenzake. "Si yeye. Huyu ni yule wa pili."

Ndipo wakanipa chai. Bahati akanieleza jambo ambalo Kulwa hakuwahi kutuambia nyumbani. Matimba ya duara, zile nguzo zinazoshikilia udongo, yalikatika, wakafukiwa watu watatu. Siku mbili walichimba kuwafikia. Wawili walikuwa wamekufa. Kulwa alikuwa hai, amekaa, mtulivu, wala hakuomba maji. Walipomuuliza aliwezaje, alisema hakuwa peke yake.

"Alisema alikuwa na Doto," Bahati akaniambia. "Kwamba ulikuja ukakaa naye kule chini, mkala pamoja."

Nilijaribu kukumbuka siku zile nilikuwa wapi. Nilikuwa Mpanda, nimelala na homa kali. Walioniuguza walisema nilishinda siku mbili nikitafuna bila kitu mdomoni. Hilo sikumwambia Bahati.

Baada ya ajali, Kulwa alikataa kuingia tena ardhini. Alitaka mahali ambapo juu ya kichwa chake hakuna kitu. Akaenda Nkome, akavuka kwenda visiwani kuvua. Bahati hakujua zaidi. Nilipoomba kuliona lile duara akatikisa kichwa. "Hapana, ndugu yangu. Pale wewe ulishafika."

Nkome, na maji

Nkome wavuvi niliowaonyesha ile picha walikitambua kisiwa, lakini upepo ulinizuia siku mbili. Chumba changu kilikuwa na neti yenye tundu moja kubwa na samaki aliyechorwa ukutani. Nilikula sato wa kuchemsha asubuhi na jioni mpaka nikayakumbuka maharage. Nahodha aliyekuwa anakwenda kisiwa nilichokitaka aliitwa Majura, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Siku ya tatu alinifuata mwenyewe. Badala ya salamu akaniuliza, "Unakwenda au unarudi?"

"Nakwenda," nikamwambia. "Sijawahi kufika."

Alilifikiria jibu langu kuliko lilivyostahili, kisha akanionyesha pa kukaa. Mtumbwi wa injini ulikuwa umejaa barafu, sabuni, makreti ya soda na wanawake wanane. Wanawake walibanana upande mmoja, na ubao wangu nikaachiwa peke yangu. Nikiwasogezea mzigo wanaupokea. Nikiwasemesha wanatazama maji.

Mchana ule, katikati ya ziwa, niliona wadudu wa majini wamepanda kama nguzo za moshi, nguzo baada ya nguzo, bila moto chini. Majura akazima injini tukapita katikati yao tukielea. Sauti yao ilikuwa kama watu wengi wanaosali chumba cha pili. Alipoiwasha tena tulikuwa tumeshatoka upande wa pili.

Kisiwani

Kisiwa chenyewe ni kidogo, na wenyeji wameniomba nisikitaje jina. Lakini uzuri wake picha haikudanganya. Mchanga ni mweupe kama unga wa sembe, mawe makubwa ya mviringo yamekaa majini kama mifugo iliyokuja kunywa, na maji ukingoni unaona mpaka vidole vyako. Wanawake walikuwa wamesambaza dagaa mchangani. Nilipokanyaga nchi kavu wote wakasimama.

Hakuna aliyenisalimu. Kwetu hata mtu mnayedaiana naye shamba anakusalimu kwanza, mengine baadaye. Nikampa shikamoo bibi mmoja aliyekuwa karibu. Badala ya marahaba akaziba mdomo kwa kanga. Akaja mwanamume mrefu, mwenyekiti wa kitongoji, akaniambia nimfuate, akatangulia bila kugeuka nyuma hata mara moja.

Nyumba ya Kulwa ilikuwa ya bati na matete, mlango umetazama ziwa. Mbele yake palikuwa na vile viti viwili vya picha. Katikati yake, juu ya mchanga, bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa kijani lilikuwa limefudikizwa.

Akatoka mwanamke wa miaka thelathini hivi, ameshika mkono wa mtoto wa kike. Ndugu yangu alikuwa na mke na mtoto, na sisi nyumbani hatukujua. Alisema yeye ni Mama Neema. Akasema, "Shemeji, usi..." Mwenyekiti akainua kiganja, naye akanyamaza.

Nikauliza Kulwa yuko wapi. Mwenyekiti akauliza nimebeba nini. Nikasema michembe, na kwamba ni ya Kulwa tu. "Ipikwe," akasema. "Mwenye nayo ataila hapahapa." Mimi nikaelewa kwamba Kulwa yuko majini, anarudi. Nikafurahi, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Michembe ikachemshwa, karanga zikatwangwa. Harufu ile ilinirudisha jikoni kwetu, nikawa na miaka saba. Mama Neema akaja na sufuria akasimama mbele yangu. Bakuli hakuligusa. Watu walikuwa wamejaa ukutani na nyuma ya mitumbwi, wakinitazama. Nami lile bakuli lilikuwa limeniumiza macho tangu nilipofika. Mtu aliyelelewa na mama yangu hawezi kulitazama bakuli limelala hivyo. Nikaliinua, nikalifuta mchanga, nikamnyooshea.

Akanimiminia. Nikajiambia nitaonja kidogo tu, mengine nitamwachia mwenyewe. Nilishtuka bakuli likiwa tupu.

Wanawake wakalia. Walilia kwa pamoja, kilio kimoja kirefu, kisha kikakatika kama mlango uliofungwa. Baada ya hapo wakaja mmoja mmoja kunipa mkono, wamechangamka, kama watu wa kawaida. Yule bibi wa ufukweni akanishika viganja vyote viwili.

"Karibu, Kulwa," akasema. "Umekawia."

Nikasema kwa sauti kwamba mimi ni Doto. Mwenyekiti akavuta kiti cha pili akakaa.

"Tunajua," akasema. "Aliyeshuka mtumbwini alikuwa Doto."

Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni aliyeingia na viatu mahali pasipoingiwa na viatu. Kulwa alikwenda kuvua, mtumbwi ukarudi bila yeye, na mwili haukupatikana. Kwao mtu aliyepotelea majini hazikwi. Bakuli lake linafudikizwa mbele ya kiti chake, na hakuna anayekaa matanga wala kumlilia, mpaka aje mtu wa damu yake akalifunue kwa mkono wake mwenyewe na kula chakula chake. Hapo kilio kinaisha, na yule aliyekula anabaki na jina, nyumba na mtumbwi.

"Na aliyezama?" nikauliza.

"Aliye majini ni mmoja," akasema mwenyekiti. "Kulwa yuko hapa, amekula, tumemwona. Sasa kule niambie wewe yuko nani."

Nilikaa siku sita kwa sababu upepo ulirudi. Lazima niseme kweli, zilikuwa siku nzuri. Nimezunguka nchi hii yote nikitafuta mahali ambapo nitafika wakasema nimekawia. Asubuhi maji yalikuwa kama kioo. Neema alikuja kukaa kwenye kiti cha pili, akinieleza majina ya ndege. Nilipewa shati la Kulwa kwa sababu langu lilikuwa limechanika, na kijana mmoja wa mitumbwi akatupiga picha kwa simu yangu. Siku ya tatu niliziba mtumbwi uliokuwa unavuja. Sijawahi kuziba mtumbwi maishani mwangu, lakini mkono ulikwenda wenyewe mpaka kwenye ufa.

Mama Neema peke yake aliendelea kuniita shemeji. Siku ya tano alinikuta mchangani akaanza kugeuza dagaa karibu yangu, bila kunitazama.

"Unajua kwa nini nakuita hivyo?" akauliza. "Ili usisahau. Leo asubuhi umeitwa Kulwa mara mbili, na mara zote umeitika."

Nikasema ni mazoea tu, nimezaliwa pacha.

"Mimi nilikuwa na mume," akasema. "Sitaki mfano wake. Na mama yako anataka kujua, si ndivyo ulivyosema? Basi sikiliza. Mtumbwi ukija, kula mara ya mwisho, uoshe lile bakuli, ulifudikize kwa mkono wako mwenyewe. Jina litabaki na mwenyewe kule majini, wewe utaondoka na lako. Nitamlia mume wangu, na mama yako atamlia mtoto wake. Mtu mwingine hawezi kukufanyia. Ni mkono wako."

Nikamwahidi.

Siku niliyoondoka

Majura alifika asubuhi na haraka zake, upepo ukimfuata nyuma. Nilikunywa uji kwenye lile bakuli, nikaenda nalo ukingoni, nikalisugua ndani kwa mchanga mpaka likang'aa. Majura alikuwa anapiga kelele kwamba akichelewa tena tutalala hapo wiki. Neema alikuwa amenishika mguu. Nikaupokea mfuko wangu kwa mkono huu, kwa mkono ule nikaliweka bakuli juu ya kichanja cha vyombo, nikamkumbatia mtoto, nikakimbia. Mama Neema alikuwa ndani, hakutaka kuniona naondoka.

Tulikuwa mbali, nyumba zimekuwa ndogo kama viberiti, nilipoona kitu kinang'aa pale kwa Kulwa. Nukta nyeupe, inawaka kwa jua, inazima, inawaka. Nje lile bakuli lilikuwa limepauka kwa mchanga na moshi. Ndani ndiko kulikong'aa.

Nilikuwa nimeliweka mdomo juu. Sikuamua. Mkono uliliweka kama Mama alivyoufundisha.

Nikamwambia Majura arudi. Akauliza kama nimesahau simu. Nikasema nimesahau kufudikiza bakuli. Wanawake wote mtumbwini wakaangalia chini. Majura akatazama mawimbi nyuma yetu, kisha akanitazama mimi.

"Kwa upepo huu sirudi," akasema. "Halafu hebu niambie. Sasa hivi unakwenda au unarudi?"

Niligeuka kuitafuta ile nukta.

Nkome nilipata gari lililokuwa linanyoosha mpaka Kahama, na Kahama basi halikuharibika. Ni safari moja tu maishani ambayo haikunichelewesha. Njiani nikafungua simu kutazama zile picha mbili, ile ya Kulwa na ile yangu. Shati moja, kiti kimoja, mchanga uleule. Nilijua yangu ni ile yenye mtoto pembeni. Baadaye Neema nikawa simtazami, nikatazama sura peke yake, nikashindwa kusema ni ipi.

Mtaniuliza kwa nini sirudi kule nikalifudikize. Nimelifikiria sana. Ile safari ya kwanza nilishuka mtumbwini nikiwa Doto. Sijui safari hii nitashuka nikiwa nani, na kama huyo ana ruhusa ya kuligusa. Nimeshaondoka, basi. Sirudi.

Nilifika Usanda jua bado lipo. Mama alikuwa uani anachambua karanga kwa vidole, uso ameuelekeza kwenye joto la jua. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno: Kulwa amekufa maji, ana mke mwema, ana mtoto, kaa matanga sasa, mayu. Nilisimama langoni nikakohoa kidogo, vumbi la njiani.

Vidole vyake vikasimama.

"Kulwa," akasema. "Michembe ilikufikia?"

Kuku wakapita. Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimeila yote, na aliniambia angejua.

"Ilinifikia, mayu," nikasema.

Akacheka, akalia, akanikemea kama alivyoahidi. Alinikemea kwa simu iliyozimwa, kwa kukaa mbali, kwa kumwacha akae katikati. Uso wake ulikuwa mwepesi, sijauona hivyo tangu mvua zile. Nikakaa kwenye kigoda nikakemewa. Alipomaliza akajifuta macho, akageuza shingo kama anayesikiliza hatua za pili nyuma yangu.

"Na Doto umemwacha wapi?"

"Yuko njiani," nikamwambia.

Akaridhika. Akainuka, akapapasa mpaka kabatini, akarudi na bakuli letu la zamani. Akaliweka chini karibu na mlango, mdomo juu, akaliwekea kipande cha ugali na mboga, akafunika kwa kitambaa. Nilikuwa sijala tangu Nkome, nadhani alisikia nikimeza mate.

"Usiliguse," akasema. "Hilo ni la Doto. Ukila, nitajua."